Tulivyopika Rangi za Kunasa Jua Ngara

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu nimezipokea zote kwa mkupuo, msirudie, tutachelewa. Nimeombwa nizungumze na ninyi mnaoanza kusoma kemia, na mwalimu wenu amenionya nisiwachoshe. Hilo sikumwahidi. Mtu aliyefanya kazi moja mpaka akastaafu ana haki ya kuchosha kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kubuni rangi. Si za ukuta, si za vitambaa, wala si za kucha. Rangi za kunasa jua. Unachukua kioo kinachopitisha umeme, unakipaka unga mweupe wa titani, ule ule unaoifanya rangi ya ukuta iwe nyeupe, kisha unakiloweka katika rangi. Jua likipiga, rangi inachangamka na kuachia elektroni. Elektroni inaingia kwenye unga mweupe, inatoka kwa waya, inakwenda kufanya kazi iliyotumwa, halafu inarudi nyumbani kwa kupitia tone la iodini lililobanwa kati ya kioo hicho na kioo cha pili. Basi. Hiyo ndiyo sola ya rangi. Kitu hicho kimenila ujana wote, na kila nikikieleza bado mwili unanisisimka kama msichana aliyetumiwa salamu.

Nilizaliwa Biharamulo mjini, nyumba yenye duka la vitambaa mbele. Babu yangu alifika huko na biashara kutoka Pangani, hakurudi tena. Ndiyo maana kwetu tulisema Kiswahili tangu utotoni huku majirani wakisema Kisubi na Kizinza, na ndiyo maana mimi nilikulia chini ya kaunta, katikati ya majora na khanga. Swali la kwanza la kisayansi nililolisikia maishani ni lile ambalo kila mteja alimuuliza baba yangu, Mzee Abdalla: "Hii inachuja?" Baba alikuwa na jibu moja kwa vitambaa vyote: "Inachuja kwa mwenye haraka."

Nilipomaliza chuo nikapangiwa kufundisha kemia katika sekondari moja jirani na Nyamiaga, wilayani Ngara. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kilima ulichokiacha Ijumaa kikiwa na mbuzi, Jumatatu ulikikuta kimejaa watu hadi kileleni, na plastiki za mahema zinang'aa mpaka unafumba macho. Waliokuja walikuja na majonzi yao, nasi wenyeji tulibaki na vilima visivyo na miti. Siyachekei hayo. Lakini kazi yangu ilizaliwa humo humo, na ilizaliwa kwa kicheko, sasa nifanyeje?

Siku moja nilikuwa sokoni natafuta vitunguu. Nikapita kwa mama mmoja Mrundi aliyetandaza vikapu chini. Vikapu vya kawaida, ila vilikuwa na mstari wa zambarau ambao sijawahi kuuona, zambarau iliyoiva, yenye kina. Damu ya dukani ikanipanda. Nikalowesha kidole kwa mate nikausugua ule mstari.

"Dada," akasema yule mama, "kikapu changu kina chumvi?"

"Samahani, mama. Nilitaka kuona kama rangi inachuja."

"Haichuji. Muulize aliyeipika, huyu hapa nyuma yangu. Ataongea mpaka soko lifungwe."

Yule mama aliitwa Spesi. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mumewe, Melkiori, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nikamwamkia, kwa kuwa alinizidi sana umri, na yeye akaniita "Madamu" pale pale nilipomwambia ninafundisha. Mpaka leo ananiita hivyo.

"Haichuji kwa sababu imeshikwa, Madamu," akasema. "Nimetia shabu, ile ya kusafishia maji. Katani inaishika shabu, shabu inaishika rangi. Watu watatu wameshikana mikono. Ukiosha, nani ataondoka?"

Nikamuuliza kemia hiyo kaitoa wapi. Kumbe alisoma Ulaya, akafanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo Bujumbura, kazi yake ikiwa rangi tu. Vita ikamleta kambini. Sasa anampikia mkewe rangi za vikapu katika kopo la mafuta ya msaada. Nilisahau vitunguu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mimi na walimu wenzangu niliokaa nao tulikula maharage yasiyo na kitunguu wiki nzima, nami naona aibu kueleza.

Mkuu wa shule yetu alikuwa Mhangaza mpole sana, mtu wa kucheka na tumbo. Nilimwomba amtafutie Melkiori kibali cha kutoka kambini siku za maabara aje anisaidie. Akafanya hivyo. Siku ya kwanza Melkiori alipoingia, yeye na mkuu walianza kuongea, mmoja Kihangaza na mwingine Kirundi, wakaelewana kama ndugu, na mimi Mswahili wa Biharamulo nikabaki nimesimama kama mgeni nikisubiri kutafsiriwa.

Ni Melkiori aliyeniambia habari za sola ya rangi. Mtu aliyesoma naye zamani alikuwa amemsimulia kwamba huko Ulaya watu wameanza kupata umeme kwa njia hiyo.

"Unanidanganya," nikamwambia.

"Ego, Madamu, ndiyo. Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Halafu nikafikiri: jani la mgomba linakula jua kila siku na hakuna anayelishangaa. Sisi tunashindwa nini?"

Vioo vinavyopitisha umeme vililetwa na Karin, fundi wa maji wa shirika moja la misaada, aliyekwenda likizo kwao akarudi navyo pamoja na unga wa titani. Alituuliza ni vya nini. Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza anaweza kuja kuangalia lini. Vitu vingine tulivipata pale pale. Iodini ya kupaka vidonda tulipewa zahanati. Maji ya kuichanganyia, kwa kuwa maji ya kisima hayafai, tulichukua yale ya rejeta ya gari ambayo madereva wa malori ya chakula walikuwa nayo. Kioo cha pili tulikipitisha juu ya mshumaa kikapata masizi. Tesita ya kupimia umeme tuliazima kwa fundi redio wa Ngara mjini, ambaye kila jioni alikuja kuangalia kama bado ipo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pa kazi. Ule unga unasagwa na siki taratibu, unapakwa mwembamba kama krimu ya uso, kisha unachomwa. Sisi tulichoma kwenye jiko la mkaa, kioo juu ya kigae cha chungu. Hatukuwa na kipimajoto cha moto mkali namna ile. Melkiori alinifundisha kuangalia kwa macho: tabaka la unga linageuka kahawia, unadhani umeharibu, unataka kulia, halafu linarudi jeupe lenyewe. Likisharudi jeupe, limeiva. Na likiiva, usiliguse. Mimi nililigusa. Niliona limerudi jeupe nikalitoa haraka kwa koleo nikamwonyeshe mkuu wa shule mlangoni. Hewa ya Ngara ya asubuhi ilikipiga kile kioo, tukasikia mlio mdogo wa "ti", na mkuu akabaki anaangalia vipande.

"Mwarimu Zuhura," akasema kwa upole, "hii ndiyo sora?"

Kioo kipoe na jiko lake. Andikeni hilo.

Baada ya hapo tukaanza kutafuta rangi, na hicho ndicho kipindi nilichocheka kuliko vyote. Tulijaribu kila chenye rangi kilichoota Ngara. Mchicha mwekundu ulitupa umeme wa kuaibisha. Kiazisukari, ile bitiruti, kilitoa rangi tamu kuiona, kufika adhuhuri jua limeshaikausha ikawa kama chai ya jana. Tukasikia kwenye bustani ya misheni kuna miforosadi. Nikawatuma wanafunzi wa kidato cha tatu wakachume forosadi kapu zima. Walirudi na kapu lenye majani na maelezo mengi. Njiani, walisema, walikutana na mbuzi. Nikawaambia watoe ulimi. Darasa zima lilikuwa na ulimi wa zambarau. Melkiori akapita akiwaangalia mmoja mmoja kwa makini, kisha akaniambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba rangi ni nzuri, imeshika vizuri, tatizo ni kwamba imeshika mahali pasipofaa.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la akili nyingi. Dukani kwa baba kulikuwa na rangi za pakiti za kutia nguo, kali kweli kweli, bluu ya kutia kizunguzungu. Kwa nini tuhangaike na matunda? Nikaagiza pakiti moja, nikaichemsha, nikakiloweka kioo usiku kucha. Asubuhi kilikuwa cha bluu mpaka kinatisha. Nikakiosha kidogo kwa spiriti, kama inavyotakiwa. Bluu yote ikaondoka na spiriti, ikaingia kwenye ndoo, na kioo kikabaki cheupe kama hakikuwahi kuonana nayo. Tesita haikutikisika.

"Mgeni mzuri," akasema Melkiori, "amevaa vizuri, ananukia vizuri. Lakini hakai."

"Kwa nini hakai?"

"Hana mkono wa kushika titani. Katika nguo anashika pamba, hapa hana pa kushika. Madamu, usitafute rangi kali. Tafuta rangi yenye mkono."

Wanangu, maisha yangu yote ya kazi yako ndani ya maneno hayo. Nilipokuja kuwa mtaalamu wa maabara nilijifunza kuyasema kwa lugha ndefu, lakini ni hayo hayo. Molekuli ya rangi nzuri ina upande unaotoa elektroni kwa moyo mweupe, ina daraja katikati la kuipitisha, na mwisho wake kuna mkono unaoshika unga na kukabidhi. Ukibuni rangi, unacheza na hivyo vitatu. Daraja likiwa refu, rangi inanasa jua zaidi, lakini likizidi urefu linayumba. Mkono ukiwa dhaifu, mgeni anaondoka na ndoo.

Rangi yetu ya kwanza yenye mkono ilitoka jikoni kwa mama yangu, Bi Mwanaidi. Alinitumia furushi la choya kavu, yale maua mekundu machachu, nitengeneze sharubati, kwa kuwa alisikia Ngara watu wanaumwa. Melkiori aliliangalia lile furushi, akaniangalia mimi, tukaangalia kioo. Kioo kilipolowa choya kikawa na wekundu wa divai. Tukakiosha; wekundu haukuondoka. Tukakitia iodini, tukakibana na mwenzake kwa vibanio vya karatasi, tukakitoa juani. Sindano ya tesita ikapanda. Haikupanda sana, wanangu, ilipanda kama mtu anayeamka bila kutaka, lakini ilipanda. Nilikuta nimemshika Melkiori mikono yote miwili na tunazunguka uwanjani kama watoto, na Spesi, aliyekuwa amemletea mumewe chakula, amesimama na sahani anauliza kwa Kirundi nani ameoa.

Mtaniuliza kama maabara ya kisasa ilikuwa na raha kama hiyo. Ilikuwa nayo. Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, mimi na mwenzangu Tumaini tulibuni molekuli moja nzuri mno, nyeusi yenye bluu, daraja refu, mkono imara. Tuliipika kwa miezi. Tulipoipima, ikatoa umeme mdogo kuliko choya ya sokoni. Tumaini alikwenda akanunua choya, akaichemsha, akaweka glasi mbili mezani, tukanywa mpaka mwisho.

Shida ilikuwa msongamano. Molekuli zile zilipenda kulaliana, na zikilaliana zinapokezana ule msisimko wao kwa wao badala ya kuutoa nje, kama ndugu wengi chini ya blanketi moja, kila mmoja anavuta, hakuna anayelala. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, uipe molekuli mikia ya mafuta pembeni, ili isimame mbali na mwenzake. Ya pili nikiwaambia mtadhani natania: unachanganya na asidi inayotokana na nyongo. Ndiyo, nyongo hii ya ng'ombe. Inakaa katikati ya rangi na rangi, inazitenganisha.

Asidi yenyewe tuliyoiagiza ilichelewa kufika, na mimi nikiwa likizo nyumbani sikuweza kuvumilia. Nikaenda kijijini Runazi siku ng'ombe amechinjwa, nikamwambia mwuza nyama nataka nyongo.

"Mama, maini yapo, yamenona," akasema. "Nyongo ya nini?"

"Ya kuzuia rangi zisigombane."

Alinifungia nyongo ile kwa jani la mgomba bila kuniangalia usoni, na niliposhukuru akaniambia nipite njia ya nyuma. Nawaonya msijaribu. Nyongo mbichi ilijaza inzi nyumba nzima ya mama, na kioo nilichokitia kikafa kabla hakijapimwa. Lakini asidi iliyosafishwa ilipofika, kwa rangi ile ile tuliyoinywea choya kwa majonzi, Tumaini alipiga ukelele uliowaleta walinzi.

Siku hizi mna kompyuta. Unaichora molekuli, mashine inakueleza itanasa jua gani kabla hujaosha hata chupa moja. Sisi tulipika kwanza, tukajua baadaye. Siwaonei wivu, kidogo tu. Ila msije mkasahau kupika. Kompyuta haijawahi kula forosadi.

Nawarudisha Ngara, maana kuna jambo moja lililoamua kama mimi ningekuwa mtu wa rangi au mtu wa majora.

Ilitokea nafasi ya kwenda Dar kusomea kemia ya rangi. Jina langu likapita. Wiki hiyo hiyo baba akanitumia salamu kwa dereva wa lori: miguu yake inamsumbua, kaka zangu wako Mwanza na hawarudi, niache ualimu nije nishike duka. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Mimi nisingeweza kuondoka bila radhi yake. Kwetu mtu haendi hivyo, na hata ningeenda, ningesoma huku naangalia mlango.

Nikamweleza Melkiori. Akafikiri, akasema, "Mwonyeshe. Mtu wa vitambaa anaamini anachokishika."

Wakati ule Karin alikuwa ametumiwa kutoka kwao kadi ya siku ya kuzaliwa, zile ambazo ukizifungua zinaimba. Melkiori akaomba ile mashine yake ndogo ya ndani, akaitoa betri. Tukapanga vioo vyetu vya choya kwa mnyororo, kimoja kikishikana na kingine kwa waya. Siku ya Ijumaa Karin alikuwa na safari ya Biharamulo. Melkiori akapewa kibali cha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ilikuwa lazima turudi na msafara wenye askari, kwa sababu pori la kati ya Ngara na Biharamulo zama hizo lilikuwa na majambazi, halikupitwa na gari moja peke yake. Msafara ungeondoka baada ya swala ya Ijumaa. Basi tulikuwa na asubuhi tu. Nilivipakata vile vioo mapajani njia nzima, barabara ya mashimo, kama mtu aliyebeba mayai ya mfalme.

Baba alikuwa ameketi mlangoni mwa duka amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Kanzu ile mama aliitia wanga wa muhogo kila wiki mpaka ikasimama yenyewe kama ina mtu ndani.

"Shikamoo, mzee," akasema Melkiori.

"Marahaba, karibu. Ndiye wewe unayempikia binti yangu rangi?"

"Siku hizi ananipikia yeye, mzee."

Baba akatabasamu, kisha akanigeukia. "Zuhura, rangi ninazo hapa. Za kopo, za pakiti. Huko Dar unakwenda kusomea rangi gani ambayo mimi sina?"

"Inayotoa umeme, Baba."

Akamwangalia mama. "Mwanaidi, huyu amekula?"

Tukaweka vioo kizingitini, juani. Wateja wakaanza kukusanyika. Nikaanza kueleza, na nilieleza vizuri sana, nadhani, hata sikuona baba ameinama na kukichukua kioo kimoja akigeuze aone nyuma, kama anavyogeuza khanga kuangalia upande wa pili. Kibanio kilikuwa kimelegea njiani. Iodini ikamdondokea kifuani.

Kwanza ilikuwa doa la kahawia. Kisha, mbele ya macho yetu, ikageuka bluu, bluu ikawa nyeusi, na ikatambaa kwenye wanga wa mama yangu mpaka ikawa kubwa kama kisahani. Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Kanzu nyingine ilikuwa kwenye beseni, na saa ya kwenda msikitini ilikaribia. Mimi niliona Dar yote inazama ndani ya lile doa.

Melkiori akaniinamia sikioni. "Madamu. Iodini na wanga. Unafundisha nini kidato cha pili?"

Nikakumbuka lile jaribio la darasani la vitamini C, nikakimbia. Nilivuka barabara hadi duka la dawa, nikarudi na vidonge vya vitamini C, vile vichachu, nikavisaga kwa kitako cha chupa, nikatia maji kidogo. Nikamwambia baba asimame, nikaanza kumpangusa kifuani kwa kitambaa.

Doa likaondoka. Halikufifia, wanangu, liliondoka, kama mtu aliyeitwa kwao. Penye weusi pakawa peupe. Wateja walisogea mpaka baba akakosa hewa.

Akajiangalia kifuani muda mrefu. "Limekwenda wapi?"

"Halijaenda popote, Baba. Lipo hapo hapo. Limegeuka kitu kisicho na rangi."

"Kwa hiyo nitaswali nalo?"

"Utaswali na iodini na vitamini. Vyote ni dawa."

"Haya," akasema. "Na huo umeme?"

Melkiori alikuwa ameshakitia upya iodini kile kioo na kukibana. Akaunganisha waya. Tukasubiri. Kawingu kamoja, kadogo, kalikuwa kamekaa juu ya jua kama kamelipwa. Kakasogea. Na pale kizingitini, kutoka kwenye kipande kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, ukatoka wimbo, mwembamba kama wa mbu, lakini wimbo kamili.

Baba akanyoosha kiganja juu ya vioo. Kivuli kikaanguka, wimbo ukakatika. Akatoa kiganja, ukaanza. Akaweka, ukakatika. Akatoa. Mzee mzima, mwenye duka na heshima zake, aliufunga na kuufungulia ule wimbo mpaka adhana ikamkuta amechuchumaa, na wateja wakigombea nani afuate. Karin alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia uso wa baba, na uso wake haukuniambia lolote. Akainuka akaenda msikitini.

Swala ikaisha. Msafara ukaanza kupiga honi kule barabarani. Melkiori akawa anaangalia kibali chake, Karin anaangalia saa, na baba haonekani. Nilianza kukunja nyaya zangu polepole.

Ndipo nikawaona wanakuja, baba mbele, nyuma yake wazee wenzake wa msikitini, wengi tu, kila mmoja ameshika kanzu yake kwa vidole viwili akilinyanyua doa lake mbele ili lionekane. Lilikuwepo la chai, la mchuzi, la embe, na mmoja alikuwa na la utomvu wa mgomba ambalo alisema amelirithi.

"Nimewaambia unatoa madoa," akasema baba.

"Baba, ile dawa ni ya iodini tu. Haya mengine siyawezi. Hili la mafuta ndiyo kabisa."

Wazee wakaguna. Honi ikalia tena. Baba akawatazama wenzake, akanitazama mimi, akakung'uta kifua chake cheupe.

"Basi ni kweli hujamaliza kusoma," akasema. "Nenda Dar. Duka nitalishika mwenyewe, nitalishika nimekaa. Radhi yangu unayo. Ila ukirudi, uje na dawa ya mafuta."

Nilimbusu mkono, nikapanda gari nikilia na kucheka kwa pamoja, na Melkiori akanishikia vioo. Nikaenda Dar, nikakaa huko kazini mpaka nywele zikawa nyeupe. Rangi nimezibuni nyingi, na nyingine zimenasa jua vizuri mno. Ile dawa ya mafuta mpaka leo sijaipata.